Dola 25 za Nani?

Swali lenyewe ni dogo, na mtu akilisikia kijiweni anaweza kucheka. Ukishitakiwa, ukajitetea, ukashinda, nani alipe gharama ya kusikilizwa kwa shauri? Nimewauliza washikaji zangu, na wengi wamenijibu bila hata kuweka kikombe cha kahawa chini: alipe aliyeshitaki bwana, si ndiye aliyeleta usumbufu? Nami ningejibu hivyohivyo kabla ya Novemba 2023. Tangu hapo jibu hilo limenikaa vibaya kooni, ndiyo maana ninaandika haya badala ya kuendelea na riwaya yangu, ambayo kwa kweli imekwama sura ya nne.

Mjomba wangu ana duka la vinyago pale Mwenge, Dar es Salaam. Nilipomaliza kidato cha nne, matokeo yakawa yale ambayo hayaonyeshwi wageni, akanichukua nimsaidie. Nafuta vumbi, naongea Kiingereza na watalii, najibu barua pepe na kuandika risiti. "Wewe si unasema ni mwandishi?" aliniambia siku ya kwanza. "Haya, andika." Akanisukumia kitabu cha risiti, na wenye maduka ya jirani wakacheka mpaka basi.

Mwezi Julai 2023 aliingia mama mmoja Mmarekani, mtu mzima, mpole, anayezungumza polepole kama mwalimu wa darasa la kwanza. Akasema anatoka Minnesota. Alizunguka dukani karibu saa nzima, mwisho akasimama mbele ya kinyago cha ujamaa: watu kumi na mmoja wamebebana, babu chini kabisa, mtoto mchanga juu, wote wametoka katika gogo moja la mpingo. Tulianzia dola 200, tukamalizia 180. Akatoa kadi, mashine ikakubali, akatia saini. Nilikifunga kile kinyago kwa magazeti na kipande cha khanga kuukuu, akaondoka nacho amekikumbatia kama mtoto. Tukasahau.

Novemba benki yetu ikatuandikia. Mwenye kadi amepinga malipo: kinyago kina ufa, kwa hiyo bidhaa ni mbovu. Dola 180 zimeondolewa kwenye akaunti ya duka mpaka shauri liishe. Pamoja nazo zimeondolewa dola 25 za ada ya shauri, na kwa kiwango cha wakati ule hizo zilikuwa zaidi ya shilingi 60,000. Tulikuwa na siku kumi za kujibu. Mjomba aliniamuru nipige simu benki. Nikauliza, je, tukishinda, zile 25 zinarudi? Sauti ya dada mmoja, yenye adabu zake zote, ikajibu kwamba 180 zitarudi lakini ada hairudi, kwa kuwa ada ni ya kazi ya kushughulikia shauri, siyo adhabu.

Siyo adhabu! Mjomba alilirudia neno hilo siku nzima. Akipita fundi wa viti anamwambia, akipita muuza maji anamwambia. "Nimechapwa viboko, halafu naambiwa siyo adhabu, ni gharama ya fimbo."

Kwa wasomaji ambao hawajawahi kuuza kitu kwa kadi, nieleze kidogo. Mteja akilipa kwa kadi, fedha hazijawa zako moja kwa moja. Anaweza kwenda benki yake akasema malipo haya nayapinga: kadi yangu iliibiwa, au mzigo haukufika, au nilichopewa sicho nilichoambiwa. Benki yake inaidai benki ya muuzaji, na muuzaji ananyang'anywa kwanza, kuulizwa baadaye. Malalamiko yana namba kama magonjwa hospitalini. Kwa Visa, kwa mfano, lalamiko la kitu kibovu au kisicholingana na maelezo ni namba 13.3. Muuzaji anakusanya karatasi zake, anajitetea, anangoja. Na ada anatozwa yeye. Aliyelalamika kwa kawaida halipi kitu.

Ada zenyewe hazifanani. Mwaka ule wa 2023, Stripe walikuwa wakiwatoza wauzaji wa Marekani dola 15 kwa kila shauri, PayPal dola 20, na Square hawakuwatoza kitu. Nilipofika kwa hao Square nilisimama. Ina maana ada hii si kama mvua ya masika, kwamba lazima inyeshe. Ni uamuzi wa watu waliokaa mezani, na meza nyingine iliamua vingine.

Tena tazama uzito wake. Jirani yetu anauza vibebeo vya funguo na kadi za migomba, dola nane, dola kumi. Mteja mmoja akipinga malipo ya dola nane, ada inameza bei ya bidhaa mara tatu. Anayeuza meza ya mninga ya dola 2,000 analipa 25 hizohizo na hata hasikii. Wenye mamlaka ya kutoza hupenda kuita jambo hili usawa. Jirani yetu amerudi kwenye fedha taslimu, na mtalii asiyekuwa nazo anapita kwenda duka kubwa.

Kwa siku tatu nilikuwa na hasira nzuri kabisa, hasira ya mtu asiye na kosa. Nikaanza kusoma usiku, nikitafuta maneno makali ya kuiandikia benki. Nikakuta kwamba mwaka 1958 benki moja ya California iliwatumia watu wa mji wa Fresno kadi kama 60,000 kwa posta, kadi ambazo hawakuziomba. Wezi wakashangilia. Kadi zilipozidi kuenea, watu wakaletewa madeni ya vitu wasivyovinunua, na malalamiko yakawa mengi hadi Bunge la Marekani likaingilia kati. Sheria ya mwaka 1974 ikampa mwenye kadi haki ya kupinga hesabu kwa maandishi ndani ya siku 60, na haki ya kutolipa kile anachokipinga wakati uchunguzi unaendelea. Na mwenye kadi iliyotumiwa na mwizi, sheria yao inasema hawezi kudaiwa zaidi ya dola 50.

Nani atakayesema hapo wamekosea? Kabla ya hapo ni mtu mmoja na bili yake mbele ya benki. Mnyonge alipewa rungu, vizuri.

Lakini kuna kifungu kilichonichekesha peke yangu saa nane za usiku. Linapokuja suala la ubovu wa bidhaa, sheria ile inamlinda mwenye kadi ikiwa alinunua kitu cha zaidi ya dola 50 katika jimbo lake, au ndani ya maili 100 kutoka kwake. Nadhani wazo lilikuwa kwamba watu walio karibu wanaweza kutafutana. Sasa kutoka Minnesota hadi Mwenge ni zaidi ya maili 8,000. Si sheria ile iliyotufikia. Kilichotufikia ni kanuni za mitandao ya kadi, ambazo zinavuka bahari, na mkataba ambao Mjomba aliutia saini siku alipoletewa mashine. Nilimuuliza kama aliusoma. Akaniuliza kama mimi nimewahi kusoma karatasi inayokuja na dawa ya malaria.

Basi nikawa na hoja yangu imenyooka. Mahakamani, anayefungua madai ndiye anayelipa ada ya kufungua, na kwa kawaida anayeshindwa hubeba gharama. Kwa balozi wetu wa nyumba kumi, kesi ya kuku aliyekula mahindi ya jirani iliisha kwa soda mbili, wakanywa mshitaki na mshitakiwa. Kwenye kadi peke yake anayeshitaki anaingia bure na anayeshitakiwa analipia mlango. Nikaona hapo nina makala ya kuitikisa dunia. Nikaandika na kichwa cha habari.

Sasa nifike mahali ambapo nimekuwa nikipakwepa tangu mwanzo.

Yule mama alikuwa ameandika. Barua pepe ya kwanza ilifika Oktoba, na picha ndani yake. Ufa umeanzia bega la babu, umepanda, umepita katikati ya watu wanne. Hakutukana, hakudai fedha. Aliandika kwamba alisikia mlio usiku, kama mtu amevunja kijiti, na asubuhi akaona. Aliuliza: je, mnajua namna ya kukitengeneza? Niliisoma ile barua. Nilikuwa katikati ya sura ya tatu, shujaa wangu yuko stesheni anaagana na mchumba wake, na nikajiambia kesho nitamuuliza mchongaji halafu nimjibu. Kesho ikapita. Wiki mbili baadaye akaandika tena. Hiyo nililiona jina lake tu, sikuifungua. Unajua ile hali ambapo kuchelewa kunakutia aibu, na aibu inakuchelewesha zaidi.

Kwa hiyo alisubiri, akaona kimya, akaenda benki yake. Angefanya nini kingine, apande ndege aje Mwenge?

Nikalazimika kuisikiliza hoja ya upande wa pili, ambayo nilikuwa nimeipita haraka. Wanaoitetea ada husema inamfundisha muuzaji kuwajibu wateja wake kabla mambo hayajafika benki. Mashauri mengi ni kimya kilichooza. Na ni kweli wapo wateja matapeli, wanaokula chakula wakashiba kisha wakasema hawakukiona, lakini huyu hakuwa mmoja wao. Katika shauri letu ile ada, kwa bahati tu kama mshale wa kipofu, ilipiga mlango uliostahili. Duka letu lilikuwa na kosa, na kosa lenyewe lilikuwa limekaa kwenye kiti changu.

Niseme pia kuhusu ule ufa, maana hapo ndipo watu wanapotaka kujua nani mkweli. Mpingo ni mti mzito, ukiutupa majini unazama. Unachukua miaka mingi kukomaa na unakauka kwa uvivu mkubwa. Ndio huohuo unaotengenezwa klarineti huko Ulaya, na wapigaji wa nchi za baridi wanajua kwamba klarineti nayo hupasuka. Majira ya baridi yakianza Minnesota watu huwasha joto ndani ya nyumba, hewa inakuwa kavu, mbao inaanza kunyauka juu wakati tumbo lake bado lina maji. Nje inasinyaa, ndani inakataa. Hapo lazima pasikike mlio. Kinyago kilitoka dukani kikiwa kizima, na mama yule hakukidondosha. Wote wawili tulikuwa tunasema kweli, na fomu ya benki haina kisanduku cha namna hiyo.

Mjomba alitaka niandike kwamba amekidondosha. "Nani aliona?" alisema. "Mjomba, wewe unatunga watu wasiokuwepo mchana na usiku, unashindwa kutunga kinyago kilichoanguka?" Nikakataa. Nilijisikia msafi sana. Nikasema nitaandika ukweli mtupu, na nikaandika. Kwamba kinyago kilikaguliwa na mteja kwa muda mrefu. Kwamba kilikuwa hakina ufa siku ya mauzo, na hii hapa saini yake. Kwamba miezi karibu minne imepita. Kwamba mteja hajarudisha bidhaa wala hajajaribu kuirudisha dukani. Kila neno lilikuwa kweli, hata la mwisho, maana alikuwa ameomba ushauri wa kukitengeneza, hakuwa ameomba kukirudisha. Barua zake mbili sikuzitaja. Hakuna aliyeniuliza.

Tulishinda. Dola 180 zikarudi mwanzoni mwa mwaka 2024, Mjomba akaninunulia chipsi kuku na kuwaambia majirani kwamba kalamu ya mpwa wake imeishinda Marekani.

Nimeandika hadithi nyingi za uongo na sijawahi kukosa usingizi. Ukurasa ule mmoja wa maneno ya kweli ndio ulioninyima.

Tuzirudie basi zile 25. Nilidhani zimeishia kwa Mjomba, kumbe nilikuwa sijui njia ya fedha. Mwezi uleule wa ushindi alikuja mchongaji wetu, mzee wa Kimakonde kutoka Newala, ambaye ndiye aliyekichonga kile kinyago. Alileta vipande vitatu. Mjomba akamlipa kila kimoja pungufu ya shilingi 20,000 kuliko kawaida. Akamweleza: kazi yako ilipasuka, benki wamekata, na mimi siwezi kubeba peke yangu. Piga hesabu mwenyewe, ndugu msomaji. Ishirini mara tatu. Ile ada ya benki, iliyosafiri kutoka ofisi yenye viyoyozi, ilikuwa imefika mahali pake pa mwisho, kwenye mfuko wa mtu ambaye hajawahi kushika kadi ya benki na ambaye hakuhojiwa na yeyote katika shauri lile.

Kosa la wazo lile la kumfundisha muuzaji liko hapa. Wanasema "muuzaji" kana kwamba ni mtu mmoja mwenye kichwa kimoja na mfuko mmoja. Duka si mtu mmoja. Kuna mwenye duka, kuna kijana wa kujibu barua, kuna mchongaji, kuna aliyekata gogo huko Kilwa. Ukimwaga gharama juu ya mlango wa duka, itatelemka kama maji mpaka imkute aliye bondeni. Aliyesababisha akiwa amesimama pembeni hata haloi. Mimi sikulowa hata tone. Nilikula chipsi.

Yule mzee hakubisha. Alihesabu fedha mara mbili, akazifunga kwenye kitambaa. Nilimfuata nje, nikamwamkia tena kama mjinga, nikamuuliza kwa nini vinyago vinapasuka vikifika kwa Wazungu. Akanitazama.

"Gogo bichi, mjukuu wangu. Bichi linachongeka upesi."

"Sasa babu, si uliache likauke kwanza?"

"Likauke kwa miaka, na mimi nile nini?" Akacheka, siyo kwa ubaya. "Kukausha mpingo ni kazi ya mwenye akiba."

Nimelitafakari jibu hilo kuliko vitabu vyote nilivyowahi kuazima. Tumempunguzia malipo kwa sababu ya ufa. Akilipwa kidogo atachonga haraka zaidi, atachukua gogo bichi zaidi, na huko mbele kuna mama mwingine, Minnesota au Norway, atakayesikia mlio usiku. Ataandika barua. Asipojibiwa atakwenda benki. Ada itatozwa upya, na Mjomba atajua pa kuipeleka.

Marafiki wawili niliowasomea rasimu hii wamenigombeza. Mmoja anasema natafuta utakatifu kwa shilingi 60,000, wakati benki zinavuna mabilioni. Mwingine anasema mwenye kosa ni Mjomba, mimi nimeajiriwa tu. Huenda. Lakini nimegundua kwamba nikianza na benki, nafika kwa Mjomba, nafika kwa baridi ya Marekani, nazunguka dunia nzima na sijakaa kwenye kiti changu. Benki iulizwe kwa nini inamtoza aliyeshinda, na iulizwe kwa sauti kubwa, maana Square walionyesha kwamba inawezekana vingine. Mimi nina swali langu ambalo benki haiwezi kunijibia.

Mwezi wa tatu nilimwandikia yule mama. Nilimwambia barua zake zilifika na nilizinyamazia. Nilimwambia yale niliyoyaandika benki na yale niliyoyaacha. Nikamweleza alivyonifundisha mzee: achukue unga wa mpingo, ambao nilimtumia kidogo ndani ya bahasha, auchanganye na gundi, aushindilie ndani ya ufa taratibu, kisha asugue. Na majira ya baridi aweke bakuli la maji karibu na kinyago. Hajajibu. Mzee nimekuwa nikimpa elfu tano kila anapokuja, namwambia ni ya chai, na ananiona kijana mwenye adabu.

Mjomba bado hajui kuhusu zile barua mbili. Yeye si msomaji wa majarida. Hili likitoka nitaliweka kaunta, juu ya kitabu cha risiti, upande anaokaa yeye.